Kumwandaa Mwanafunzi kwa Chuo cha Ufundi wa Ujenzi: Masomo Manne ya Kamba, Maji, Tofali na Kadi

UTANGULIZI

Katika shule moja ya msingi ya bonde la Kilombero, mwandishi wa makala haya alipata kushuhudia jambo lililomfundisha zaidi ya vitabu vingi. Asubuhi darasa la saba lilikuwa na kipindi cha Hisabati. Mwalimu alichora pembetatu yenye pembe mraba ubaoni, akaandika tarakimu 3, 4 na 5, na wanafunzi wakaeleza kwa sauti moja jinsi upande mrefu unavyopatikana. Majibu yote yalikuwa sahihi. Alasiri wanafunzi wale wale walitoka kwenda kuchimba msingi wa choo kipya cha shule. Kamba ilivutwa kwa kukisia, vigingi vikapigwa, majembe yakaanza kazi. Msingi ulikuwa na urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na kila upande ulipimwa kwa uangalifu. Lakini ulipofika wakati wa kupaua, ndipo ilipobainika kwamba jengo limekaa upande. Ulalo mmoja, yaani mstari utokao kwenye pembe moja hadi pembe inayoikabili, ulikuwa mita 5.10, wa pili ulikuwa mita 4.90. Mabati hayakukaa sawa na mlango haukufungika.

Ulalo wa jengo lile ulipaswa kuwa mita 5 barabara, na jibu hilo lilikuwa bado halijafutwa ubaoni. Hakuna aliyekuwa amewaambia wanafunzi kwamba somo la asubuhi na kazi ya alasiri ni jambo moja. Kosa lilikuwa letu sisi walimu tuliokuwapo, mwandishi akiwa mmojawao.

Makala haya yamekusudiwa kwa mwanachuo wa ualimu atakayepangiwa shule ya msingi katika Ifakara, Mang'ula, Kidatu, Mlimba au mahali pengine panapofanana na hapo. Shabaha yake ni kuonyesha namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kumwandaa mwanafunzi ambaye baadaye atajiunga na chuo cha ufundi na kusomea fani mbalimbali za ujenzi: uashi, useremala, bomba, umeme wa majumbani na upakaji rangi. Maandalizi hayo hayangoji karakana wala fedha nyingi. Huanza darasani, kwa vitu vilivyopo.

UFUNDI KATIKA BONDE LA KILOMBERO

Mwalimu asidhani kwamba anapeleka jambo geni kwa watu wa bonde hili. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, ikapita Ifakara na Mlimba katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Maelfu ya vijana wa Tanzania walishika sururu, nyundo na vipimo kando ya mafundi wa Kichina. Miaka hiyo hiyo bwawa la umeme la Kidatu lilikuwa likijengwa katika mto Ruaha Mkuu. Hivi karibuni zaidi, katika miaka ya 2010, daraja kubwa lilijengwa juu ya mto Kilombero, likachukua nafasi ya kivuko kati ya Ifakara na upande wa Mahenge. Mtoto wa Ifakara amekwisha kuona kazi kubwa ya ujenzi. Ambacho hajaonyeshwa ni hesabu iliyomo ndani yake.

Vyuo navyo vipo. Mwaka 1975 taifa lilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, na Ifakara ni mojawapo ya miji iliyopata chuo cha aina hiyo. Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ijulikanayo kwa jina la VETA, ambayo katika mkoa wa Morogoro ina vyuo, kikiwamo cha Mikumi. Aidha, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye ufundi imepanuka. Swali ni kama mtoto wetu anaifikia njia hiyo akiwa na miguu imara.

CHUO KINATAKA MWANAFUNZI WA NAMNA GANI?

Wazazi wengi, na walimu pia, hudhani kwamba anayekwenda chuo cha ufundi anahitaji nguvu za mikono pekee. Dhana hii ni potofu, nayo hudhuru. Mikono huzoezwa chuoni. Mambo ambayo mkufunzi wa karakana hutarajia kuyakuta tayari kwa mwanafunzi wake ni haya:

(a) Awe anapima kwa usahihi na kuandika alichopima.
(b) Awe anafahamu eneo, ujazo, uwiano na asilimia, na kuvitumia pasipo kuambiwa ni kanuni ipi.
(c) Awe anaweza kusoma mchoro na kuona akilini mwake kitu kilichochorwa.
(d) Awe anafuata maelezo hatua kwa hatua, na kuuliza pale asipoelewa.
(e) Awe amezoea kufanya kazi na wenzake, na kutunza vifaa asivyovimiliki.

Mwanachuo ataona mara moja kwamba yote matano ni kazi ya shule ya msingi. Kijana aliyeyakosa atasimama mbele ya lundo la matofali akijua kushika mwiko lakini hajui atumie matofali mangapi. Atabaki kubeba karai kwa mafundi wengine. Samaki mkunje angali mbichi.

Masomo manne yafuatayo yamepangwa kwa ajili ya darasa la tano na kuendelea. Kila moja laweza kufundishwa kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu ayatumie kama vielelezo, ayarekebishe kwa hali ya shule yake.

SOMO LA KWANZA: KAMBA NA PEMBE MRABA

Shabaha: Mwanafunzi aweze kuweka pembe mraba juu ya ardhi na kuhakikisha kwamba mstatili umenyooka.

Zana: Kamba ya mkonge yenye urefu unaozidi mita 12 kidogo, vigingi vinne, nyuzi za rangi, rula ya mita au futi kamba. Kamba ya nailoni haifai sana kwa sababu hunyumbulika ikivutwa.

Hatua: Wanafunzi wapime kamba na kufunga uzi wa rangi mwanzoni, kisha kwenye mita 3, mita 7 na mita 12. Wasipige mafundo kwenye kamba yenyewe, maana kila fundo hula urefu wa kamba na vipimo hupotea. Alama ya mita 12 iunganishwe na alama ya mwanzo. Wanafunzi watatu washike alama tatu na kuvuta kamba ikaze. Itapatikana pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Mwalimu aulize: pembe mraba iko kwa nani? Wagundue wenyewe kwamba iko kwa yule aliyeshika alama ya mita 3, pale ambapo pande mbili fupi hukutana.

Baada ya hapo kila kundi lichore chini mstatili wa mita 4 kwa 3, na kundi jingine likague kwa kupima nyalo zote mbili. Nyalo zikitofautiana, msingi umepinda, hata kama kila upande una urefu uliotakiwa. Hapa ndipo mwalimu aeleze habari ya choo tuliyoisimulia. Wanafunzi husahau kanuni, lakini mlango usiofungika hawausahau.

Tahadhari: Mwalimu asitangulie kutoa jibu. Akiona kigingi kimewekwa mahali pasipofaa, aache mpaka kipimo chenyewe kiseme.

SOMO LA PILI: MAJI NA TIMAZI

Shabaha: Mwanafunzi aweze kutambua kilicho wima na kilicho sawa, na kuhamisha usawa kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Zana: Uzi na jiwe dogo la mviringo, mpira mwembamba wa maji unaopenya mwanga, wenye urefu wa mita 10 hivi, maji, mkaa wa kuandikia.

Hatua: Kwanza, jiwe lifungwe kwenye uzi na kuning'inizwa kando ya ukuta wa darasa. Hiyo ndiyo timazi. Wanafunzi wapime umbali kati ya uzi na ukuta, juu na chini. Umbali ukiwa mmoja, ukuta uko wima. Wakague miimo ya milango, nguzo za veranda na mlingoti wa bendera, na kuandika waliyoyaona.

Pili, mpira ujazwe maji pasiwe na kiputo cha hewa ndani, kwa sababu kiputo hudanganya. Ncha mbili za mpira zikiinuliwa, maji husimama kwenye usawa mmoja, hata kama ncha moja iko mbele ya nyumba na nyingine nyuma yake. Mafundi wa bonde hutumia kipimo hiki kila siku, na sababu yake imo katika somo la Sayansi.

Tatu, lije zoezi kubwa. Kilombero ni bonde la mafuriko. Ardhi yake oevu iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, na mvua za masika zikizidi, mto hutandaa juu ya uwanda. Wanafunzi wawaulize wazee wa jirani: maji yalipofika juu kabisa, yalifika wapi? Mzee ataonyesha alama kwenye shina la mwembe au kwenye ukuta wa ghala. Wanafunzi waichukue alama hiyo kwa mpira wa maji, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kiwanja cha shule, na kuiweka kwenye kigingi. Hapo wataona kwa macho yao sakafu ya nyumba inapaswa kuinuliwa kiasi gani ili maji yasiingie. Kigingi hicho kimoja kinaunganisha Jiografia, Sayansi, Hisabati na kumbukumbu za wazee. Pia kinamfundisha fundi mtarajiwa kwamba kabla ya kuchimba msingi hana budi kuuliza habari za mahali.

SOMO LA TATU: HESABU YA TOFALI

Shabaha: Mwanafunzi aweze kukadiria vifaa vya ukuta na zege, na kugeuza futi kuwa mita.

Zana: Matofali matano au sita ya kuchoma, rula, ndoo, mchanga.

Tofali la kuchoma ni kitu cha kawaida katika bonde. Udongo wa mfinyanzi upo, na baadhi ya wafyatuaji huchoma kwa pumba za mpunga, jambo linalopunguza ukataji wa miti. Lakini vibao vya kufyatulia hutofautiana, kwa hiyo mwanafunzi asikariri idadi ya matofali. Apime tofali lililo mbele yake.

Mfano: Tofali lina urefu wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 9. Udongo wa kuunganishia una unene wa sentimita 1. Kwa hiyo kila tofali huchukua ukutani nafasi ya sentimita 25 kwa 10, yaani sentimita za mraba 250. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Gawanya: matofali 40 kwa kila mita ya mraba, ikiwa ukuta ni wa tofali lililolazwa kwa urefu, safu moja tu. Ukuta wa unene wa tofali zima utataka kiasi mara mbili ya hapo.

Sasa tuchukue ukuta wa mita 4 kwa kimo cha mita 2.5, wenye mlango wa mita 0.9 kwa mita 2.1. Eneo la ukuta ni mita za mraba 10. La mlango ni 1.89, yanayobaki ni 8.11. Zidisha kwa 40, utapata 324.4. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya yatakayovunjika, utapata 340.62. Mwalimu aulize: tuagize matofali mangapi? Jibu la fundi ni 341. Katika kitabu cha Hisabati tunafundisha kwamba 324.4 hukaribia 324. Kazini tunapokadiria vifaa hatukadirii kwa kushuka, kwa kuwa sehemu ya tofali haiuzwi na ukuta hauwezi kubaki na tundu.

Kuhusu uwiano, mwalimu atumie zege la 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Kwa kuwa saruji ni ghali, darasani unga wa udongo mkavu utafaa badala yake. Jambo la kusisitiza ni kwamba vipimo vyote vitatu vipimwe kwa chombo kimoja. Kijana anayepima saruji kwa ndoo na mchanga kwa beleshi hana uwiano wowote. Aidha aambiwe kwamba maji yakizidi zege hudhoofika, na kwamba zege jipya halina budi kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba ili likomae vizuri.

Jambo la mwisho katika somo hili ni lugha ya vipimo. Shuleni tunafundisha mita na sentimita. Sokoni, mwenye mbao husema "mbili kwa nne", akimaanisha inchi, na mafundi wa mitaani huhesabu kimo cha ukuta kwa futi. Mwanafunzi asiyejua lugha zote mbili atapotea. Inchi moja ni sentimita 2.54, na futi moja ni sentimita 30.48. Basi ubao wa mbili kwa nne una takriban sentimita 5 kwa 10, na chumba cha futi 10 kwa 10 kina takriban mita 3.05 kila upande. Wanafunzi waende kwa muuza mbao, waandike vipimo alivyovitaja, na wavigeuze watakaporudi darasani.

SOMO LA NNE: KADI ZA MAFUNDI

Shabaha: Mwanafunzi afahamu kwamba nyumba ni kazi moja inayofanywa na mafundi wengi, na kwamba kila mmoja humngoja au humtangulia mwenzake.

Zana: Kadi za karatasi ngumu. Kila kadi iandikwe kazi moja: kupima kiwanja, kuchimba msingi, kumwaga zege, kujenga ukuta, kusimamisha miimo ya milango, kufunga lenta, kuinua kenchi, kuezeka bati, kupitisha mabomba ya maji na ya nyaya za umeme ukutani, kupiga lipu, kusakafia, kutia milango na madirisha, kupaka rangi.

Somo hili ndilo kiini cha maandalizi ya mtu anayetaka kusomea fani kadhaa kwa pamoja. Kila mwanafunzi apewe kadi na jina la fani yake. Wajipange mstari kwa utaratibu wanaodhani ni sahihi. Kisha mwalimu aanze kuhoji. Kwa nini wewe wa lipu umesimama mbele ya fundi umeme? Akija na nyaya zake kesho, atazipitisha wapi? Bila shaka atachukua tindo na kuutoboa ukuta ambao umekwisha kulainishwa. Nani atalipa lipu ya pili? Mwenye nyumba hatakubali, na mafundi watagombana. Seremala naye, asipoulizwa upana wa mwimo kabla ya mwashi kuacha nafasi, atakuta mlango hauingii.

Utaratibu mzuri una zaidi ya namna moja, na mwalimu asilazimishe orodha yake. Linalotakiwa ni mwanafunzi kutoa sababu. Mtu aliyeonja fani zote hana haja ya kuwa bingwa wa zote. Faida yake ni kwamba akiwa mwashi anafikiria bomba, na akiwa fundi bomba anauonea huruma ukuta.

Kwa Ifakara kuna kadi moja zaidi isiyofaa kukosekana: kuziba mwanya ulio baina ya ukuta na paa, na kutia wavu madirishani. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, imechunguza malaria kwa miongo mingi, na miongoni mwa mambo yaliyothibitika ni kwamba mbu waenezao malaria huingia nyumbani hasa kwa kupitia mwanya huo. Wanafunzi waulizwe: kadi hii ni ya nani? Ya mwashi, ya seremala, au ya fundi bati? Mara nyingi kila mmoja atasema ni ya mwenzake, na ndiyo maana mwanya hubaki wazi katika nyumba nyingi. Kadi ikikosa mwenyewe, mtoto huugua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

LUGHA YA MWALIMU

Mbinu zote hizi zitaharibika kama mwalimu ataudharau ufundi kwa maneno yake. Imezoeleka katika baadhi ya shule kumwambia mtoto mzito wa masomo, "Wewe huwezi kitu, utakwenda ufundi." Kwa sentensi hiyo moja mwalimu amefanya makosa matatu: amemvunja moyo mtoto, ameupaka matope ufundi, na amemdanganya, maana tumekwisha kuona kwamba asiyejua asilimia na uwiano hatapata raha huko pia. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi 1967, alipinga elimu inayotenga masomo na kazi. Choo chetu kilichopinda kilikuwa ushahidi kwamba utengano huo haujesha.

Wasichana nao wasiachwe nyuma. Katika makundi ya kazi, mara nyingi mvulana hushika kamba na msichana huagizwa kuchota maji. Mwalimu abadilishe zamu: leo msichana apime na mvulana achote. Anayejengwa tangu darasa la tano kuamini macho yake kwenye mpira wa maji hataona haya kuingia darasa la uashi au la umeme.

Hatimaye mwalimu azingatie kalenda ya bonde. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia mashambani na kuishi vibandani, na baadhi ya watoto hukosa shule kwa majuma. Masomo ya vitendo yapangwe ili anayerejea aweze kuyafuata kwa msaada wa kundi lake. Huko shambani pia mtoto apewe kazi ya kupima: urefu wa kibanda, kimo cha dungu, idadi ya fito.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Kijana akikaribia kuomba nafasi chuoni, mwalimu ndiye mshauri wa kwanza wa familia. Yampasa kuwasaidia wazazi katika mambo yafuatayo:

1. Kwenda chuoni mapema kuuliza fani zilizopo, sifa zinazotakiwa, ada na tarehe ya mwisho ya maombi. Wasitegemee habari za kusikia.

2. Kuweka tayari cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na picha ndogo, na kuhakikisha kwamba majina yanafanana katika hati zote. Herufi moja ikipishana yaweza kumchelewesha kijana.

3. Kutenga fedha wakati wa mavuno. Vyuo vingi huanza mwaka wao Januari, wakati ambao mpunga wa nyumbani umekwisha kuuzwa na shamba linadai mbegu na vibarua. Mzazi anayengoja barua ya chuo ndipo atafute ada, aghalabu huchelewa.

4. Kununua vitu vichache lakini vya lazima: nguo nzito ya kazi, viatu vigumu vilivyofunika vidole, futi kamba, daftari la miraba, rula na penseli. Zana nyingine asinunue mpaka mkufunzi amwelekeze.

5. Kumpeleka kijana siku moja au mbili mahali nyumba inapojengwa, kwa idhini ya fundi, si kufanya kazi bali kutazama na kuandika: nani amefika kwanza, nani amemngoja nani, kitu gani kilirudiwa na kwa nini.

Zoezi hili la tano halina gharama, na laweza kuwa la manufaa kuliko yote. Kijana atakayefika chuoni na daftari la aina hiyo atakuwa na maswali, na mwenye maswali hujifunza upesi.

HITIMISHO

Wanafunzi wa choo kile hawakuachwa hivyo hivyo. Msimu uliofuata shule ilihitaji stoo ndogo. Safari hii darasa lilianza kwa kamba yenye nyuzi za rangi, na kabla ya jembe kuinuliwa nyalo zilipimwa mara mbili na makundi mawili tofauti. Zote zilikuwa sawa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa hodari wa kukaa kimya katika Hisabati ndiye aliyesisitiza kupima mara ya pili. Kama mtoto huyo atakuwa mwashi, fundi umeme au mkulima, hatuwezi kusema. Linalojulikana ni kwamba siku ile alijua kitu kwa hakika, na alijua kwamba anakijua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chukua mada moja ya Hisabati ya darasa la sita. Taja kazi ya ujenzi inayoihitaji, kisha andika andalio la somo la vipindi viwili litakaloanzia nje ya darasa.

2. Kiwanja cha shule yako kimewahi kufikiwa na mafuriko. Eleza hatua ambazo wanafunzi watazifuata kupata kimo kinachofaa cha sakafu.

3. Ukuta wa mita 6 kwa kimo cha mita 3 una dirisha la mita 1.2 kwa mita 1. Kwa kutumia tofali la mfano wetu, kadiria matofali yanayohitajika. Eleza kwa nini umeongeza ulichoongeza.

4. Mzazi anakataa binti yake kusomea uashi kwa kuwa ni kazi ya wanaume. Jadilianeni mtamjibu nini, kwa heshima na kwa hoja.